Kipolandi kilipofundishwa Ifunda

Ukitoka Mbeya kwa basi kwenda Iringa, ukishapita Mafinga, kama kilomita 40 hivi kabla ya Iringa mjini utaikuta Ifunda. Wengi tunaijua kwa shule yake ya ufundi. Lakini miaka michache kabla ya shule hiyo kuanza, hapo hapo kulikuwa na watoto waliokaa darasani wakijifunza sarufi ya Kipolandi. Ndiyo, Kipolandi, katikati ya Uhehe!

Walifikaje? Mwaka 1939 Ujerumani na Urusi ya Kisovieti ziligawana Polandi. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti wakawasomba watu wa mashariki ya nchi hiyo, familia nzima nzima, hadi Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1941 Hitler alipomgeukia Stalin, Wapolandi wakaruhusiwa kuunda jeshi, na mwaka 1942 zaidi ya watu 110,000, askari na raia, wakavuka kwenda Iran. Wanaume wengi wakaenda vitani. Wanawake, watoto na wazee wakatafutiwa pa kukaa, na Waingereza wakafungua makoloni yao. Tanganyika ilipata kambi ya Tengeru karibu na Arusha, iliyofikia watu kama 5,000, na nyingine ndogo zaidi, zikiwemo Ifunda na Kidugala. Kidugala ilikuwa misheni ya Walutheri wa Kijerumani. Leo iko Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012.

Kambi nzima ya akina mama na watoto, unaanzia wapi? Wao walianza na shule. Mtaala ulitoka kwa serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London, na vitabu vingi vilichapwa Palestina. Baadhi ya watoto walikuwa wamepoteza miaka miwili mitatu Siberia bila kusoma lolote, kwa hiyo mkubwa na mdogo waliweza kujikuta wanaanza pamoja.

Na Kipolandi si lugha ya mchezo. Sisi kwenye Kiswahili tunabadilisha neno mbele: mtu, watu. Wao wanabadilisha mwisho, kwa hali 7. Nyumba ni *dom*. Ukisema "ya nyumba" inakuwa *domu*, na "kwa kutumia nyumba" ni *domem*. Ukitaka kusema "nyumbani" unasema *w domu*. Mimi nasoma shahada ya uzamili huku nikifundisha wageni Kiswahili ili nipate nauli na kodi, na najua kazi ya kumweleza mtu "nyumbani" kwa ile -ni yetu. Lakini mwanafunzi wangu darasa likiisha anarudi kwao. Mwalimu wa Ifunda alifundisha neno hilo hilo kwa mtoto ambaye nyumba yake ilikuwa imeshachukuliwa.

Shule yote ilijengwa juu ya wazo moja: tutarudi. Februari 1945, kule Yalta, wakubwa wakakubaliana kwamba mashariki ya Polandi iwe ya Wasovieti, na ndiko walikotoka wengi wa watoto hawa. Julai mwaka huo huo Uingereza ikaacha kuitambua serikali ya London. Kwa hiyo mtaala ukabaki, ila nchi iliyouandika haikuwepo tena. Wachache walirudi Polandi. Wengi waliishia Uingereza, Kanada na Australia, ambako walihitaji Kiingereza. Ifunda kimebaki kijimakaburi cha wale ambao hawakwenda popote.

Je, walimu wale walipoteza muda wao? Sidhani. Kipolandi kiliwapa watoto wale siku yenye ratiba na lugha ya kuzungumza na mama zao. Lakini hapo pana jambo la kutuuma. Mtoto wa Kihehe au Kibena aliyebahatika kuingia shule ya serikali alianza kwa Kiswahili akaendelea kwa Kiingereza. Lugha ya mama yake haikuwa na nafasi darasani. Mkimbizi Mzungu, hata akiwa maskini, alitambuliwa kuwa na lugha inayostahili shule. Jirani yake mwenye ardhi hakutambuliwa hivyo.

Na swali hili halijazeeka. Kambini Nyarugusu, Kigoma, watoto wa Burundi wamefundishwa kwa mtaala wa Burundi na wa Kongo kwa mtaala wa Kongo, kwa hoja ile ile: watarudi. Wengine kweli wanarudi. Wengine wamezaliwa hapa, wanasikia Kiswahili kila siku, na wanasoma Kifaransa cha nchi wasiyoijua. Ifunda inatufundisha kwamba kumpa mtoto lugha ya kwao ni haki yake, ila kuweka dau lake lote kwenye kurudi ni kumbahatisha. Mpe ya kwao, mpe na ya hapa alipo. Wakubwa wakikaa tena kugawana ramani, angalau atakuwa na lugha ya kuombea kazi.