Pengo kati ya Klorini na Potasiamu

Mwanzoni mwa mwaka 1869 Dmitri Mendeleev alikuwa na shida ambayo kila mwalimu anaielewa. Alifundisha kemia katika Chuo Kikuu cha St Petersburg, Urusi, na kwa kuwa hakuona kitabu cha Kirusi kinachowafaa wanafunzi wake, aliamua kukiandika mwenyewe. Juzuu ya kwanza ilikuwa tayari, lakini ilikuwa imeeleza elementi nane tu. Elementi zilizojulikana wakati huo zilikuwa 63. Zile 55 zilizosalia zilipaswa kuenea katika juzuu moja, naye hakuwa na utaratibu wa kuzipanga.

Juzuu hiyo ilikuwa imeishia kwenye familia ya klorini, ambamo mna pia florini, bromini na iodini. Zilizokuwa zikisubiri zamu ni sodiamu, potasiamu na ndugu zao, metali laini kiasi cha kukatika kwa kisu na kali kiasi cha kuwaka zikitiwa majini. Tabia za familia hizi mbili ni mbali kama mbingu na ardhi, lakini zikikutana huzaa chumvi. Mendeleev akalinganisha uzito wa atomi zao. Klorini 35.5, potasiamu 39. Bromini 80, rubidiamu 85. Iodini 127, sesiamu 133. Kila metali ilimzidi mwenzake kwa kiasi kidogo tu.

Hesabu za mwanzo alizichora nyuma ya barua iliyohusu ukaguzi wa viwanda vya jibini. Barua hiyo ina tarehe 17 Februari kwa kalenda ya zamani ya Urusi, yaani 1 Machi katika nchi nyingi za Ulaya. Siku hiyo jedwali lilipata umbo. Wiki chache baadaye rafiki yake, Nikolai Menshutkin, ndiye aliyelisoma mbele ya Chama cha Kemia cha Urusi kwa niaba yake.

Hakuwa wa kwanza kujaribu. Mwaka 1866 John Newlands aliwaeleza wanakemia wa London kwamba tabia za elementi hujirudia kila ifikapo ya nane, na mmoja wao akamuuliza kama aliwahi kuzipanga kwa alfabeti. Kilichompambanua Mendeleev ni uthubutu wa kuacha nafasi tupu na kutabiri kitakachozijaza. Mwaka 1871 alieleza kwa kina elementi tatu ambazo hakuna aliyekuwa ameziona. Galiamu ilipatikana Ufaransa mwaka 1875, skandiamu Sweden mwaka 1879, germaniamu Ujerumani mwaka 1886. Mgunduzi wa galiamu, Lecoq de Boisbaudran, alipima msongamano wake akapata 4.7. Mendeleev akamwandikia kwamba inapaswa kuwa karibu 5.9. Mfaransa akaisafisha upya sampuli yake, akapima tena, akapata 5.9.

Hata hivyo, pengo kubwa kuliko yote hakuliona, na lilikuwa palepale alipoanzia.

Mwaka 1894 Lord Rayleigh na William Ramsay walitangaza gesi mpya iliyokuwa imejificha hewani, isiyoungana na kitu chochote. Wakaiita argoni. Uzito wa atomi yake, karibu 40, uliiweka jirani na klorini na potasiamu. Mendeleev alishuku, akadhani huenda ni aina ya naitrojeni yenye atomi tatu. Lakini mwaka 1898 Ramsay na Morris Travers walipata neoni, kriptoni na zenoni, na ikawa wazi kwamba familia nzima ilikuwa imekosekana, yenye makao katikati ya familia ya klorini na ile ya potasiamu.

Ikabaki kasoro moja: argoni ni nzito kuliko potasiamu, wakati tabia zake zinaitaka itangulie. Mfumo uliojengwa juu ya uzito haukuweza kulieleza hilo.

Jibu lilitoka ndani ya atomi yenyewe. J. J. Thomson alikuwa ametambua elektroni mwaka 1897, na mwaka 1911 Ernest Rutherford, akiwa Manchester, alionyesha kwamba karibu uzito wote wa atomi umo katika kiini kidogo mno chenye chaji chanya. Kijana wa maabara yake, Henry Moseley, alichunguza eksirei zinazotoka kwenye elementi mbalimbali. Akakuta kwamba kipeuo cha pili cha masafa yake kinapanda hatua kwa hatua kutoka elementi moja hadi inayofuata. Hatua hizo zilihesabu chaji ya kiini. Klorini ikapata namba 17, potasiamu 19, na 18 ikawa ya argoni. Uzito ukaachia nafasi yake kwa namba ya atomi.

Moseley aliingia jeshini Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, akauawa Gallipoli tarehe 10 Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 27. Mwezi Aprili mwaka huohuo klorini ilikuwa imeachiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, ikichoma mapafu ya askari.

Klorini hiyohiyo imo ndani ya chumvi ya mezani, na haimdhuru mlaji. Mwaka 1916 Mjerumani Walther Kossel alieleza sababu. Sodiamu, yenye elektroni 11, hutoa moja ikabaki na 10 kama neoni. Klorini, yenye 17, huipokea ikawa na 18 kama argoni. Zote mbili sasa ni ioni, moja chanya na nyingine hasi, nazo huvutana. Gesi ambazo Mendeleev hakuziwekea nafasi ndizo zilizotoa ufunguo wa muungano wa ioni. Mwaka 1913 Lawrence Bragg alikuwa amekwisha kuonyesha kwa eksirei kwamba katika fuwele ya chumvi kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, na kila klorini na sodiamu sita, bila jozi za peke yake. Picha hiyo iliwaudhi baadhi ya wakongwe: mwaka 1927 Henry Armstrong bado aliilalamikia katika jarida la Nature.

Vitabu vya sekondari leo huanza na umbo la atomi, vikaenda kwenye jedwali, vikamalizia na muungano wa ioni. Historia ilikwenda kinyume: chumvi ilijulikana kwanza, jedwali likafuata, elektroni zikaja mwisho. Mwanafunzi anayekariri mpangilio wa elektroni, 2, 8, 1 wa sodiamu na 2, 8, 7 wa klorini, ananyimwa sehemu tamu kuliko zote, ile ya kutafuta. Mwalimu anaweza kumrudishia kwa chaki tu: aandike ubaoni zile namba sita za mwaka 1869, mbili mbili, na kabla hajataja elektroni hata moja, aliulize darasa ni kitu gani kinaweza kukaa kati ya 35.5 na 39.