Kundi Halina Dhamiri: Tukumbuke Kindu ya 1961



Sisi wa Alunguli tumezoea kuutazama mji wa Kindu kutoka ng'ambo. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto wa mto Lualaba, mtaa wetu uko ukingo wa kulia, na anayetaka kufika mjini hana budi kuvuka maji. Pengine ndiyo maana hata historia ya mji huu huwa tunaisimulia kama jambo lililotendwa ng'ambo, na watu wengine, katika nyakati zisizotuhusu. Leo tunawaalika mvuke pamoja nasi, tutafakari swali moja: matendo ya mtu aliye ndani ya kundi ni ya nani?

Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za mizigo zilitua Kindu. Ndani yake walikuwamo wanajeshi wa anga 13 kutoka Italia, mmoja wao daktari, waliokuwa katika utumishi wa Umoja wa Mataifa. Walileta mahitaji ya kikosi cha Malaya, ambacho Umoja wa Mataifa ulikuwa umekiweka hapa kulinda amani. Walipokuwa wakila, askari wa Kongo waliwavamia, wakawapiga na kuwachukua. Wote 13 waliuawa. Walizikwa Tokolote, na mwaka 1962 mabaki yao yalirudishwa Italia, yakawekwa mjini Pisa, kilikokuwa kituo chao.

Kwa nini waliuawa? Uvumi ulikuwa umeenea kwamba wageni hao ni askari wa miavuli wa Kibelgiji, au mamluki wa Katanga. Hofu hiyo ilikuwa na chanzo chake. Nchi yetu ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kuitenga Katanga kwa msaada wa Wabelgiji. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa huko Katanga, na maafisa wa Kibelgiji walikuwapo. Askari waliokuwa Kindu walifuata upande wa Stanleyville, upande wa wafuasi wa Lumumba. Nyuma ya hayo yote kulikuwa na miaka mingi ya ukoloni, ya viboko na kazi za shuruti. Mtu aliyepitia hayo angeweza kumwona kila mzungu mwenye sare kuwa adui.

Hapa ndipo msomaji wa historia anapopaswa kusimama kidogo. Sababu tulizozitaja ni za kweli, na anayeisimulia habari ya Kindu bila kuzitaja anawaonea wazee wetu. Lakini sababu hueleza jinsi mtu alivyofika penye njia panda. Haichagui njia kwa niaba yake. Kati ya uvumi na mauaji kulikuwa na nafasi, hata kama ilikuwa finyu. Swali moja lingetosha kuijaza: hawa ni akina nani, na wametoka wapi? Ndege zilikuwa uwanjani, mizigo ilikuwa ya Umoja wa Mataifa, na mateka wenyewe walikuwa hai na wangeweza kuhojiwa. Uvumi una nguvu pale tu ambapo kila mmoja anadhani mwenzake amekwisha kuuhakiki.

Ndivyo kundi linavyofanya kazi. Linampa mtu ujasiri usio wake, kisha linamnyang'anya jina lake. Kesho yake kila mmoja husema, "Walifanya". Hakuna anayesema, "Nilifanya". Wakubwa nao huingia katika mtego huo huo. Ubelgiji ilikaa zaidi ya miaka 40 kabla ya serikali yake, mwaka 2002, kukiri sehemu yake katika kifo cha Lumumba na kuomba radhi. Kama taifa lenye bunge na mahakama lilihitaji muda wote huo kutamka neno moja la ukweli, tusidhani kwamba kwetu sisi litakuja lenyewe bila kujizoeza.

Je, yawezekana mtu kusimama peke yake? Mashariki mwa nchi yetu tunao mfano. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akaajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Alikuwa pia katika jumuiya ya Sant'Egidio, akiwahudumia watoto wa mitaani. Wafanyabiashara walimtaka apitishe chakula kilichoharibika, wakampa fedha, akakataa. Mwezi Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri huko Roma.

Floribert naye alikuwa na sababu zote ambazo sisi huzitoa. Aliishi katika mji uliochoshwa na vita. Alijua kwamba rushwa ni desturi, na kwamba hata akikataa yeye, huenda mwingine angepokea. Angeweza kujitetea kwa ile "Artikle 15" ambayo kila Mkongomani anaijua: jitafutie mwenyewe upate kuishi. Hakuichagua hali aliyozaliwa ndani yake, ila saini iliyotakiwa ilikuwa yake, na mkono wa kuitia ulikuwa wake.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kijana wa Maniema ndiye aliyejiletea umaskini, barabara mbovu na vita. Wapo wanaopaswa kujibu kwa hayo, na ni haki kuwadai. Tunasema kwamba kudai wengine wajibu hakutuondolei zamu yetu ya kujibu. Uvumi wa leo hupita katika simu, na kidole kimoja chatosha kuusambaza. Bibi mmoja mtaani anaitwa mchawi, na vijana wanakusanyika mlangoni pake. Mwenzetu anatuhumiwa wizi, na mawe yanaokotwa kabla ya mtu kuuliza nini kimeibwa. Karibu na mtihani mtu anauza majibu, na darasa zima linasema "sote tunanunua". Katika kila jambo la namna hiyo ipo nafasi ile finyu iliyokuwapo Kindu mwaka 1961.

Katika mkutano wenu wa juma hili, jadilianeni maswali haya. Ni uvumi gani unaopita sasa mtaani mwetu, na nani kati yetu ameuhakiki? Ni tendo gani la kundi letu ambalo mmoja wetu, akiulizwa peke yake, angeona haya kulitaja kwa jina lake? Na kundi likianza kwenda mbio, ni nani kati yetu atakayekuwa wa kwanza kusema, "Ngojeni, tuulize kwanza"?