Jina lako liko kwenye jalada la nani?

Kila mwaka wa masomo ukianza, foleni ya watu wenye bahasha za kaki ni ile ile. Huyu jina lina "w" kwenye cheti cha kuzaliwa, cha fomu foo halina. Yule ana tarehe mbili za kuzaliwa. Mwingine kazaliwa wilaya ambayo siku hizi iko mkoa mwingine. Wengi husema huo ni urasimu tu. Mimi ni mtu wa Ngara, na naona hapo kuna historia. Tuiangalie kidogo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961, pale Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi 13 wa sheria. Taarifa za watu 13 unaweza kuzifungia kwenye droo moja. Likaja Azimio la Musoma la 1974: kutoka fomu siksi moja kwa moja hadi chuo hapana, nenda kwanza jeshini na kazini, halafu uje na maoni ya mwajiri na ya tawi la chama kuhusu mwenendo wako. Baadaye masharti yakalegezwa, lakini angalieni kilichotokea. Jalada la mwanafunzi lilikuwa limeacha kubeba maksi peke yake, sasa lilibeba na tabia yake, kama alivyoielewa mtu mwingine huko mbali.

Na mpaka leo chuo hakiandiki habari zetu toka mwanzo. Kinazirithi. Mwalimu wa darasa la kwanza anaandika jina kwa peni kwenye rejista. Jina linapanda hadi Baraza la Mitihani, lililoanzishwa 1973. Linapita Tume ya Vyuo Vikuu na Bodi ya Mikopo, zote mbili zilizoanza kazi 2005, ndipo linatua chuoni. Herufi iliyoliwa kijijini inageuka kuwa ukweli wa serikali, na bumu linaweza kukwama kwa ajili yake.

Sasa twendeni Ngara. Kule kuna Bugufi na Bushubi. Bugufi ilikuwa upande wa ufalme wa Burundi kabla wakoloni hawajachora mipaka yao, na Kihangaza chetu kinasikilizana na Kirundi. Kwa hiyo majina yetu ukiyasikia unaweza kudhani yametoka ng'ambo. Huku mjini watu hucheka tu, "wewe wa wapi?" Kule kwetu swali hilo lina uzito wake.

Tarehe 28 Aprili 1994 Wanyarwanda walianza kumiminika darajani Rusumo. Ndani ya saa 24 hivi walivuka watu kama 250,000. Ikazaliwa kambi ya Benaco, jina la kampuni ya ujenzi iliyokuwa imeweka kambi pale. Chakula kilianza kugawiwa kwa orodha za viongozi waliokuja na watu wao, na baadhi yao walitoka mauaji mikononi. Walizidisha idadi, na aliyeshika orodha alishika mahindi na mafuta, akawashika na watu. Mashirika yalilazimika kuhesabu upya na kuwafikia wakimbizi bila kupitia kwa wakubwa hao. Chuo si kambi, naelewa. Lakini kanuni ni moja: anayetunza orodha akikosa wa kumwangalia, orodha inakuwa mali yake.

Septemba 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, ya kuwaondoa wahamiaji haramu Kagera, Kigoma na Geita. Wakati huo vitambulisho vya taifa vilikuwa bado havijafika vijijini kwa watu wengi. Ukiulizwa uraia, unatoa nini? Mtu anatafuta kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, mwenyekiti wa kijiji, mzee anayemfahamu babu yako. Hapo utaona kwamba rejista ya shule, ile iliyoliwa na mchwa pembeni, inaweza kuwa ndiyo ngao pekee ya mtu. Kutunza kumbukumbu vibaya ni kumvua mtu nguo.

Jirani zetu wa Biharamulo nao wana lao. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo. Leo ni wilaya, tena iko Geita, mkoa ulioanzishwa 2012. Kaka aliyezaliwa huko zamani cheti chake kinasema Biharamulo, Kagera, na ni kweli tupu. Ukikifuta ukaandika Geita, umeharibu historia yake. Ukiacha bila maelezo, kompyuta itamwona mwongo. Dawa ni kuacha cha zamani kama kilivyo, kisha kuandika pembeni nini kilibadilika na lini.

Nani asiyekumbuka Aprili 2017? Rais Magufuli alipokea ripoti pale Chuo Kikuu cha Dodoma: watumishi 9,932 wana vyeti vya kughushi. Kughushi ni kosa, sibishi. Lakini tuliokulia vijijini tunajua ule mtindo wa zamani wa mtoto kurudia darasa la saba kwa jina la mwenzake, na jina hilo analikuta mbele ya safari hadi uzeeni. Rejista inajua jina. Haijui kisa.

Sasa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Inakupa haki ya kuziona taarifa zako na kuomba zirekebishwe. Basi chuo chochote tukiulize maswali manne tu. Nani ana mamlaka ya kusahihisha jina langu? Akisahihisha, anaandika wapi kwamba kasahihisha? Nani anaruhusiwa kulifungua jalada langu? Nikishahitimu, litakaa wapi?

Serikali ya wanafunzi ikija kuomba kura tena, msiulize habari za msosi peke yake. Ulizeni na hayo. Na wewe uliye likizo kijijini, pita shule uliyosoma, omba kuona jina lako kwenye rejista kabla mchwa hawajalifikia.

Tuko pamoja.