Indochine: Bendi Iliyokataa Kuzikwa

Septemba 1981, katika klabu ya Rose Bonbon jijini Paris, vijana wachache walipanda jukwaani kwa mara ya kwanza kama Indochine. Nicola Sirkis aliimba na kuandika mashairi. Muziki aliutunga Dominique Nicolas, mpiga gitaa. Dimitri Bodianski alipuliza saksafoni, na punde Stéphane, pacha wa Nicola, akaongezeka.

Mwaka uliofuata wimbo wao L'Aventurier, uliomhusu Bob Morane, shujaa wa riwaya za mwandishi wa Kibelgiji Henri Vernes, ulitingisha Ufaransa nzima. Roki ya vinanda vya umeme iliyokuwa ikitoka Uingereza sasa ilikuwa na wenyewe wanaoimba Kifaransa. Mwaka 1985 ikaja albamu iliyoitwa 3, na video ya Tes yeux noirs ikaongozwa na mwanamuziki Serge Gainsbourg. Hata Peru walikuwa na mashabiki, na mwaka 1988 walikwenda kuwapigia Lima.

Wahakiki, hata hivyo, hawakuwahi kuwapenda. Waliwaita waigaji wa The Cure, bendi ya Uingereza. Upepo ulipogeuka katika miaka ya 1990, redio nazo zikawapa kisogo. Bodianski alishaondoka. Mwaka 1994 Nicolas naye akaaga, na kwa bendi yoyote, kuondokewa na mtunzi ni sawa na kuvunjika. Wax, albamu ya 1996, haikuuzika. Kisha Februari 1999, wakiwa katikati ya kuandaa albamu ya Dancetaria, Stéphane akafariki kwa homa ya ini, akiwa na umri wa miaka 39.

Nicola angeweza kufunga virago, na sidhani kama kuna ambaye angemlaumu. Badala yake alimaliza albamu, akaingia barabarani, akamkabidhi mpiga gitaa Olivier Gérard, maarufu kama oLi dE SaT, nafasi kubwa katika utunzi. Paradize ilipotoka mwaka 2002, iliuza zaidi ya nakala milioni 1. Kilichoibeba ni J'ai demandé à la lune, wimbo mpole ulioandikwa na mtu wa nje, Mickaël Furnon wa bendi ya Mickey 3D. Vijana walioupenda, wengi hawakuwa wamezaliwa L'Aventurier ulipotamba.

Juni 2010 Indochine ilijaza uwanja wa Stade de France. Mwaka 2013 video ya College Boy, kazi ya mwongozaji Xavier Dolan kuhusu mwanafunzi anayeonewa na wenzake, ilizua ubishi mkali kwa ukatili wake. Babel Babel, albamu ya 14, ilitoka 2024. Nicola alikuwa na miaka 65, na kati ya wale wa Rose Bonbon alikuwa amebaki peke yake.