Dirisha la Mishahara na Daftari la PT

Kabla ya mwaka 1973, kijana wa Tanzania aliyetaka shahada ya uhandisi bila kutoka Afrika Mashariki alifunga safari ya Nairobi. Ndivyo nchi tatu zilivyogawana kazi zilipoungana katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Sisi tulikuwa tumeanza na sheria tangu Oktoba 1961, ndani ya jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wote wa mwanzo walitosha chumba kimoja. Sheria inaweza kuanza hivyo, kwa vitabu na mwalimu hodari. Uhandisi unataka karakana, na kijana anayesimama mbele ya mashine kutwa nzima akijifunza anataka nauli, ovaroli na chakula cha mchana. Nani amekuwa akilipia hivyo vitu vitatu kwa miaka hamsini na zaidi? Nauliza kwa sababu nimekaa pande zote mbili za meza. Nilikuwa mwanafunzi wa PT, yaani mafunzo kwa vitendo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo ndiye ninayesaini madaftari ya wenzangu wadogo.

Ugomvi wa kwanza mkubwa kati ya Serikali na wasomi wake ulihusu jambo la jirani kabisa na hili. Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba wahitimu wa vyuo wapitie Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa lazima: kwanza kambini, kisha kwenye ajira zao huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara mpaka muda wa utumishi uishe. Oktoba 22 wanafunzi waliandamana wakiwa na majoho hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza palepale kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao watu 393. Wengi waliruhusiwa kurudi baadaye. Kisa hiki huwa kinasimuliwa kama kisa cha wasomi wenye kiburi, na kiburi kilikuwapo kweli. Mabango mengine yalisifu enzi za mkoloni, jambo ambalo mpaka leo linanitia uchungu kulitamka. Lakini ndani ya zogo lile kulikuwa na swali la haki ambalo halikujibiwa. Kijana akikatwa zaidi ya nusu ya mshahara kwa jina la kulitumikia taifa, taifa linamrudishia nini katika miaka hiyo? Nani anakaa naye ofisini na kumfundisha kazi? Hoja ya pesa ilimeza hoja ya mafunzo, na hilo limejirudia mara nyingi tangu siku ile.

Miaka minane baadaye, Novemba 1974, Azimio la Musoma liligeuza mpangilio wote. Kijana wa kidato cha sita hakuruhusiwa tena kupita moja kwa moja kwenda chuoni. Alikwenda JKT mwaka mmoja, akafanya kazi si chini ya miaka miwili, kisha akaomba nafasi akiwa na barua ya mwajiri na ya chama. Masharti yalikuja kulegezwa kwa wasichana na kwa fani kama uhandisi na udaktari, kwa kuwa waombaji walipungua mno. Mimi ni mmoja wa wasichana walionufaika na kulegezwa huko.

Sasa Kitivo cha Uhandisi. Kilifunguliwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1973 kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi, kikaanza na idara tatu: ujenzi, mitambo na umeme. Wajerumani wana mila ya zamani ya kumpeleka mwanafunzi kiwandani kabla hajaitwa mhandisi, na mila hiyo ilitupata sisi pia. Kila mwaka wa masomo ulipofungwa, wenzetu wa vitivo vingine walikwenda likizo nasi tukaenda PT. Mwaka wa kwanza tulianzia karakana za kitivo, tupa mkononi na kipande cha chuma kwenye jiliwa, mpaka viganja viote sugu. Baada ya hapo tulitawanywa nchi nzima. Na nchi ilikuwa na mahali pa kututawanya. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwapo tangu 1968, na cha Mwatex Mwanza vilevile. Zana za kilimo zilitengenezwa Ubungo, saruji Wazo Hill, matairi Arusha. Kulikuwa na karakana za reli, mitambo ya umeme ya TANESCO, viwanda vya sukari Kilombero. Karibu vyote vilikuwa mali ya umma, kwa hiyo barua moja ya chuo ilitosha kumfungulia mwanafunzi geti.

Waliopangiwa mikoani walipewa waranti ya treni. Sote tulipata posho. Haikuwa pesa nyingi, lakini ilitosha nauli ya basi la UDA, sahani ya wali kantini, na kwa mtu mwangalifu ikabaki kidogo ya kumtumia mama kijijini. Naomba msomaji alizingatie hili, kwa sababu vijana wa leo ninapowasimulia hudhani natia chumvi. Darasani kwetu kulikuwa na watoto wa wakulima wa kahawa, wa wavuvi, wa makarani, wa wachunga ng'ombe. Hakuna hata mmoja aliyeacha kwenda kiwanda cha mbali kwa sababu baba yake hakuwa na ndugu wa kumpokea mji ule.

Mimi nilipangiwa kiwanda cha nguo. Hali ya uchumi ilikuwa mbaya. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha lakini fedha za kigeni hazikuwapo, na mashine za kufumia zilikaa kimya kwa safu nzima zikingoja vipuri. Ungedhani mwanafunzi hatajifunza lolote mahali kama pale. Fomeni wetu wa karakana, mzee mfupi aliyeanza kazi kama kibarua wa kupaka grisi, alikuwa akitengeneza gia mpya kutoka ekseli za malori mabovu. Siku aliyonikabidhi gia iliyokatika meno mawili, nilinyoosha mkono kuchukua msumeno. Akanizuia.

"Binti, chora kwanza. Ukishaigusa, haitakuambia tena ilikuwaje."

Nikachora. Alinifundisha kupaka grisi kwenye meno mazima na kuiviringisha gia juu ya karatasi nyeupe, ili umbo la kila jino libaki pale limechapwa. Kisha tukapima kipenyo cha nje, tukahesabu meno, tukajumlisha mbili, tukagawa. Darasani nilikuwa nimeiandika hesabu hiyo mara nyingi. Hiyo ndiyo moduli ya gia, na bila kuipata meno mapya hayatashikana na ya zamani. Mzee yule hakujua kwamba inaitwa moduli. Aliijua kwa vidole, na aliijua sawasawa. Mchoro wangu pamoja na ile karatasi yenye grisi viliingia kwenye daftari la PT, naye akasaini chini kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima. Mwalimu alipokuja kutoka Mlimani kukagua, alilisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama katikati ya karakana, akauliza maswali, na baadhi ya maswali akamwelekezea fomeni, kwa heshima, akimwita mzee.

Mwisho wa mwezi tulipanga foleni kwenye dirisha la mishahara pamoja na wafanyakazi. Nilikuwa na kadi kama yao. Nilipochelewa kuingia zamu nilisemwa kama wao. Ile posho ilinifanya niwe mtu wa pale, mtu ambaye kiwanda kilikuwa na haki ya kumdai kazi na yeye alikuwa na haki ya kudai kufundishwa. Nimeona mafunzo ya bure tangu wakati ule, nimeona pia mafunzo yanayolipiwa na mwanafunzi mwenyewe, na tofauti naiona machoni mwa pande zote mbili: mwenyeji anamwona kijana kama mgeni aliyekuja kusumbua, na kijana anahesabu siku.

Kwa waliotaka kuendelea na shahada ya pili mpango ulikuwa wa aina yake. Mhitimu aliyefanya vizuri aliajiriwa na chuo kuwa mkufunzi msaidizi. Alisimamia mazoezi ya maabara, alisahihisha kazi za wanafunzi, alipokea mshahara, kisha chuo chenyewe kikampeleka kusoma, wengi wao Ujerumani, kwa makubaliano kwamba akimaliza atarudi kufundisha. Shahada ya uzamili ilikuwa sehemu ya ajira yake. Walimu wengi walionifundisha au niliofundisha nao walipita njia hiyo, na ndiyo maana kitivo kile kiliweza kuendeshwa na Watanzania ndani ya muda usio mrefu.

Mambo hayo yote yalilegea ndani ya miaka kumi hivi. Serikali ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, bidhaa za nje zikafurika, viwanda vilivyokuwa vinasuasua vikafungwa, na miaka ya 1990 ikawa miaka ya ubinafsishaji. Barua ya chuo haikufungua geti tena. Kwingine geti lenyewe lilikuwa na mlinzi mmoja na majani marefu nyuma yake. Serikali ikasimamisha ajira mpya, njia ya mkufunzi msaidizi ikabana, na vyuo vikaanza kubaki na walimu wanaozeeka bila warithi. Kukaja pia uchangiaji wa gharama. Nilikuwa kazini wakati huo, na nakumbuka wanafunzi wakija mlangoni kwetu na barua za fildi, yaani za kuomba mafunzo kwa vitendo, mkononi, wamevaa vizuri kama watu waendao kanisani, wakiwa tayari kufanya kazi yoyote bila senti. Tuliwapokea baadhi. Wengi wao walifanya kazi ya kunakili makaratasi.

Badiliko kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, lilikuja kimya kimya na sheria ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi ilianza kazi 2005 na imewasomesha maelfu ambao bila hiyo wasingefika chuoni. Hilo silibishii hata kidogo. Lakini pesa ya mafunzo kwa vitendo iliingizwa ndani ya mkopo. Kile ambacho kwangu kilikuwa posho, kwa mwanangu kikawa deni. Mwanafunzi anakwenda kiwandani, anafanya kazi, kiwanda kinafaidika na mikono yake, halafu akiajiriwa anakatwa ili alipie nauli aliyopandia kwenda kufanya kazi hiyo. Tangu marekebisho ya 2016 makato ni asilimia 15 ya mshahara. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na vijana ofisini kwetu walishangilia siku hiyo. Hata hivyo ile sehemu ya fildi bado imo ndani ya deni lao.

Wakati huohuo wahandisi tulijaribu kujenga upya upande wetu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango unaojulikana kwa kifupi chake, SEAP. Mhitimu hukabidhiwa kwa kampuni au taasisi kwa miaka mitatu, chini ya mhandisi mmoja anayewajibika kwake, hupewa posho ya kujikimu, na hujaza daftari ambalo bodi hulikagua kabla ya kumsajili kuwa mhandisi mtaalamu. Nilipoliona daftari lile mara ya kwanza nilifurahi sana, maana mtu alikuwa amekumbuka. Baadaye Norway ilitoa fedha kwa ajili ya wahandisi wanawake hasa, na katika fani ambayo mimi nilizoea kuwa mwanamke peke yangu mezani, matokeo yake yanaonekana kwa macho. Shida ya SEAP tangu mwanzo imekuwa fungu. Wahitimu ni wengi kuliko nafasi zinazolipiwa, na anayekosa anarudi kwenye ule utaratibu wa kuvaa vizuri na kubisha hodi.

Mwaka 2017 ulitoka mwongozo wa taifa wa utarajali, na ni vema upo. Ninachokiona kila siku, hata hivyo, ni kwamba wanafunzi wa uzamili wameachwa nje ya mazungumzo. Kijana anayesoma uzamili wa rasilimali za maji au nishati leo mara nyingi amejilipia ada, anasoma jioni, na utafiti wake unahitaji akae miezi kadhaa kwenye mtambo halisi. Hayumo kwenye mkopo wa shahada ya kwanza, hayumo kwenye SEAP akiwa amekwisha kusajiliwa, na ukufunzi msaidizi ni wa wachache. Ndiye mwenye uwezo wa kutatua matatizo yetu magumu, na ndiye tunayemwambia ajitegemee.

Mahali pa kumweka papo tena, tofauti na miaka ya 1990. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa Rufiji, megawati 2,115. Reli ya kisasa imetoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Kazi za namna hiyo hutangazwa kwa zabuni yenye orodha ndefu ya vipengele na bei: kambi ya mkandarasi, magari ya mhandisi msimamizi, hata fanicha za ofisi yake. Katika zabuni ninazoshiriki kuandaa nimekuwa nikipigania kipengele kimoja zaidi, chenye idadi ya wanafunzi wa uzamili, posho ya kila mmoja kwa mwezi, malazi, na saa ambazo mhandisi wa mradi atalipwa kuwafundisha. Wahasibu huniuliza kwa nini saa za kufundisha zilipiwe. Huwajibu kwamba mwalimu asiyetengewa saa huona mwanafunzi anampotezea muda, na daftari hubaki bila kusomwa. Kipengele hicho lazima kiwemo kabla zabuni haijatangazwa. Mkataba ukishasainiwa, mkandarasi atasema kwa haki kabisa kwamba hakukihesabu kwenye bei yake, na wanafunzi watapewa mashine ya kunakilia.