Tahadhari ya mafuriko Eastlands: kwa nini habari haifiki mlangoni

Sisi wa Pwani tumezoea kuisoma hali ya hewa kwa upepo. Kaskazi ukilegea na kusi ukaanza, mvuvi ajua masika yamefika. Mwenzetu wa Mathare, Kiamaiko au Mukuru hana upepo wa kusoma. Ana mto, na mara nyingi mto humjia akiwa usingizini.

Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Mto Mathare nao hushuka kutoka upande wa nyanda za juu. Kwa hivyo mvua yaweza kunyesha sana huko juu, na mtu wa bondeni akaona manyunyu tu, kisha maji yakamfikia baada ya saa chache. Njiani hakuna udongo wa kuyanywa. Ni lami, mabati, saruji na mitaro iliyojaa taka.

Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Aprili 2024 ndivyo ilivyokuwa Mathare. Watu walilala juu ya mabati, wengine hawakupatikana wakiwa hai. Kufikia katikati ya Mei, mafuriko ya masika hayo yalikuwa yameua karibu watu 300 nchi nzima. Na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilikuwa imeshasema mapema kwamba mvua za msimu zingezidi wastani sehemu nyingi, Nairobi ikiwemo.

Basi habari ilikuwepo. Lakini ilisema nini? Tahadhari zetu hutaja mvua ya kupita milimita 20 au 30 kwa saa 24. Mama mwenye chumba kimoja kando ya mto atafanya nini na milimita? Anachotaka kujua ni kama maji yatafika kwake, saa ngapi, na akitoka aelekee wapi. Mradi wa DARAJA, ulioanza 2018 Nairobi na Dar es Salaam, ulijaribu jambo hilo: utabiri ukaandikwa kwa lugha ya mtaani, ukapitishwa kwa redio na viongozi wa mitaa. Kwa Nairobi walianzia Kibera. Eastlands nayo yahitaji hivyo hivyo.

Vifaa pia ni haba. Mwaka 2023 ilielezwa kuwa Afrika nzima ina vituo 37 vya rada za hali ya hewa, ilhali Ulaya na Marekani kwa pamoja zina 636. Rada ndiyo huona wingu zito linavyosogea na kumpa mtabiri saa mbili tatu za kuonya. Lakini hata kabla ya rada, vipimo vya kina cha maji huko juu ya mto, vinavyotuma ujumbe kwa simu, vingeokoa watu wa bondeni. Hilo si jambo la mabilioni.

Lililo gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni imani. Oktoba 2023 Rais Ruto aliwaambia Wakenya kuwa mvua za Elnino hazingefika kiwango cha maafa. Vuli hiyo iliua watu zaidi ya 150. Kisha 2024 amri ya kuhama kando ya mito ilipotolewa, tingatinga zilifuata nyuma yake, na baadaye ndipo zikaahidiwa shilingi 10,000 kwa kila nyumba iliyoathirika. Mpangaji aliyeona hayo, akisikia tena "ondokeni, mto unajaa", atashuku kuwa kinachotakiwa ni ardhi.

Bangladesh ilipoteza watu wasiopungua 300,000 katika kimbunga cha 1970. Baadaye ikaunda jeshi la watu wa kujitolea, wenye bendera na vipaza sauti, wanaopita nyumba kwa nyumba, na makimbilio yakajengwa. Vimbunga havikukoma, ila vifo vimepungua mno.

Majengo ya Pumwani, wanakoishi Waswahili tangu miaka ya 1920, na Eastleigh jirani yake, kuna misikiti yenye vipaza sauti vinavyosikika mpaka bondeni. Maimamu wapewe nambari ya afisa wa zamu wa utabiri, naye awe na zao. Makanisa na wazee wa mitaa vilevile. Na shule za kukimbilia zitajwe kwa majina sasa, kabla ya masika, funguo zikiwa kwa mtu anayelala papo hapo mtaani.