Muulize Aliyekaa Nayo: Jinsi Watu wa Ziwa Walivyojifunza Kuchagua Simu

Kisumu simu haichaguliwi dukani. Dukani mtu huenda kulipa tu. Uamuzi wenyewe huwa umeshapita: ufuoni Dunga wakati nyavu zinakunjwa, ndani ya matatu ya kwenda Bondo, nje ya kanisa baada ya ibada, au hapa mezani kwangu, kando ya Oginga Odinga Street, ninapotengeneza simu tangu enzi za vitufe. Mtu anakuja na pesa yake mfukoni na swali moja: "Fundi, hii watu wanaionaje?" Hataki kusikia kampuni inasema nini. Anataka neno la mtu aliyekaa na simu hiyo, ikamwangukia, ikanyeshewa, ikamwishia chaji mahali pabaya.

Mazoea haya ni makongwe kuliko simu yenyewe. Mbuta walipojaa ziwani miaka ya 1980 na viwanda vya minofu vikafunguliwa mjini, wavuvi wenye uwezo walianza kununua injini za mashua. Hakuna aliyenunua kwa kutazama rangi. Alimwendea mwenye injini ya aina hiyo, akauliza inakunywa petroli kiasi gani, inawaka kukiwa na baridi ya alfajiri, na vipuri vyake vinapatikana wapi. Karabai za kuvulia omena zilichaguliwa vivyo hivyo, kwa sababu omena huvuliwa usiku wa giza, na karabai ikizima katikati ya ziwa riziki ya usiku huo imekwenda. Vijana wa boda boda, enzi za baiskeli, nao waliulizana habari za fremu na ringi kabla ya kutoa shilingi. Maarifa ya mtumiaji yalikuwa mali ya wote, wala hayakuuzwa. Simu ilipofika, ilihukumiwa na watu hao hao.

Ilichelewa kufika. Shirika la Posta na Mawasiliano, KPTC, lilikuwa na mtandao wa simu za mkononi tangu mwaka 1993, lakini gharama yake ilikuwa ya wakubwa na matajiri. Sisi wengine tulipanga foleni kwenye vibanda vya Posta, sarafu mkononi, tukiomba aliye mbele asiwe na maneno mengi. KPTC iligawanywa mwaka 1999, na mwaka uliofuata Safaricom na Kencell zikaanza kumuuzia laini mwananchi wa kawaida.

Siku hizo swali lilikuwa moja tu: inashika mtandao? Ukitoka mjini ukaenda Asembo Bay au Luanda Kotieno, ulipanda mlima au ulisimama chini ya mti ambao kijiji kizima kiliujua. Simu mbili za bei moja zingeweza kusimama chini ya mti huo, moja ikaita na nyingine ikanyamaza, na majirani wote wakashuhudia. Wasiokuwa na simu walipiga kwenye vibanda vya Simu ya Jamii, na wenye vibanda wakawa waamuzi wa kwanza wa biashara hii, maana walishinda na kifaa mkononi kutwa nzima wakakijua tabia.

Kisha ikaja Nokia 1100. Ilitoka mwaka 2003, na duniani kote ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Tuliiita mulika mwizi kwa ajili ya tochi yake, lakini mimi niliipenda zaidi ikiwa imefunguliwa. Vitufe vyake vilikuwa kipande kimoja cha mpira, bila mwanya kati ya kitufe na kitufe. Akina mama wa samaki wa soko la Jubilee waliniletea simu za aina nyingine magamba yamekwama chini ya vitufe, unyevu umekula shaba ya bodi, namba 5 haibonyeki tena. Ya 1100 ukiinua ule mpira, mara nyingi unakuta bodi kavu na safi. Betri yake, BL-5C, ilitumika kwenye simu nyingi za Nokia, na baadaye hata redio ndogo za Kichina zikaitumia, kwa hiyo mtu hakukosa betri akiwa Mbita wala Usenge. Ukishikilia kitufe cha C tochi inawaka. Mvuvi akiwa na mkono mmoja kwenye usukani aliweza kumulika injini kwa mkono wa pili.

Sikuwahi kusikia tangazo la redio likizungumzia magamba ya samaki. Habari hiyo ilitoka kwa mama mmoja hadi mwingine, sokoni, juu ya beseni la ngege. Wao ndio waliofanya simu hiyo itapakae pwani yote ya ziwa.

Tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa, na simu ikawa mfuko wa pesa. Mwaka haukuisha kabla ya sisi wa Kisumu kujua maana yake. Ghasia za baada ya uchaguzi wa mwaka huo zilipotukumba, maduka ya barabara hii yaliporwa na kuteketezwa, barabara zikafungwa, kadi za kukwaruza zikaadimika. Jamaa wa mbali walitutumia salio na pesa kwa simu. Wenye simu zilizodumu na chaji walikula na kusikia habari za ndugu zao, na wenye simu zilizozima waliomba kwa majirani. Baada ya hapo sikumsikia tena mteja akitaja umbo kabla ya betri. Kila mmoja aliuliza kwanza: chaji inakaa siku ngapi?

Swali la pili lilihusu laini. Kwenye ziwa lenye nchi tatu, mtandao haujui mpaka. Ukisogea karibu na Mfangano au Migingo, simu yako hunasa mlingoti wa Uganda. Celtel, ile iliyokuwa Kencell, ilianzisha mpango wa One Network mwezi Septemba 2006, ukiunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, na wachuuzi wa samaki wenye laini nyingine wakaona faida ya kuongeza ya Celtel. Mwezi Agosti 2010 Zain, jina jipya la kampuni hiyo hiyo, ikashusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 kwa dakika, na kila mtu akataka laini ya huku na ya kule. Watu walitembea na laini ya pili kwenye pochi, wakifungua mfuniko na kubadilisha hadi meno ya kishikilia laini yakavunjika. Nimebadilisha mengi ya meno hayo. Kampuni ya Transsion ya China, yenye Tecno na itel, ililiona hitaji hilo ikaleta simu za laini mbili kwa bei ambayo mama wa omena angeweza kuifikia. Mwanzoni wateja wangu waliidharau Tecno. Iliponea kwa sababu mmoja alinunua, wa pili akamwangalia mwaka mzima, wa tatu akauliza.

Si kila kilichotoka ng'ambo kilistahili. Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwenye simu mwaka 2009, bei zilishuka na wengi wakanunua simu yao ya kwanza. Lakini soko lilikuwa pia na simu bandia zenye majina yanayofanana na ya kweli, spika zenye kelele kama za disko, na eriali ya televisheni ya kuvuta. Tume ya Mawasiliano ikatoa amri: simu bandia zote zizimwe usiku wa tarehe 30 Septemba 2012. Wiki zile meza yangu ilijaa. Nilimfundisha kila mmoja abonyeze *#06#, asome namba ya IMEI, aitume kwa 1555 angoje jibu. Wazee walinipa simu kwa mikono miwili kama wanaosubiri majibu ya hospitali. Zaidi ya simu milioni moja na nusu zilizimwa nchini. Aliyenunua baada ya kumuuliza mwenye simu kwa kawaida alipona, na aliyefuata kelele za spika alibaki na kifaa cha kusikiliza Ramogi FM peke yake. Mwaka uliofuata VAT ikarudi, na kosa la kununua vibaya likawa ghali zaidi.

Simu za kupangusa nazo zilikuwa zimeanza kuingia. Mapema mwaka 2011 Safaricom ilileta Huawei Ideos kwa kama shilingi 8,000, na ndiyo Android ya kwanza ambayo mwalimu au karani wa Kisumu alimudu. Mjini ilipendwa haraka. Ufuoni ilikataliwa, na waliokataa walikuwa na sababu nzuri. Mtu aliyezoea kuchaji mara mbili kwa wiki angeanzaje kulipa shilingi 20 kila siku kwenye kibanda cha kuchajia? Simu janja ilikubaliwa na watu wa ziwa pale tu betri kubwa zilipokuja, na umeme wa sola ulipofika vijijini.

Na kuna maji. Ziwa letu halina chumvi, na hilo limeokoa simu ambazo pwani ya Mombasa zingekufa siku hiyo hiyo. Mvuvi akiniletea simu iliyozama, humuuliza kwanza: "Baba, umejaribu kuiwasha?" Akisema hapana, tuna nafasi. Naitoa betri, naisafisha bodi kwa spiriti na mswaki laini, nikikaa sana kwenye tundu la kuchajia ambako kutu ya kijani huanzia, kisha naikausha taratibu. Simu za zamani zilifunguka kwa bisibisi moja. Nyingi za leo mgongo wake umegundishwa, gundi lazima ipashwe moto polepole, na mkono ukiteleza kioo kimekwenda. Ndiyo maana wavuvi wengi huacha simu ya kupangusa nyumbani, wakaingia ziwani na kabambe, simu ndogo ya vitufe, ndani ya kopo lenye kifuniko cha kukaza. Gugu maji likisukumwa na upepo likaifunga mashua katika Ghuba ya Winam, kabambe yenye chaji ndiyo itakayoita watu waje.

Nimeyaandika haya kwa sababu mazoea yetu yako hatarini, na kinachoyatishia ni mkopo. Mwaka 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa Korona na watoto wakihitaji kusoma kwa simu, Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo: wakati huo mteja alitoa malipo ya kwanza, kisha shilingi 20 kwa siku. Kampuni nyingine zimeifuata njia hiyo. Ninaheshimu kilichofanyika hapo. Wapo mabinti wa Nyalenda waliofungua biashara kwa simu ambazo wasingeweza kuzinunua kwa mkupuo. Lakini simu ya mkopo hujifunga malipo yakichelewa, na mapato ya omena hufuata mwezi: mbalamwezi ikiwa kubwa, mashua hazitoki. Tena mnunuzi huchukua simu iliyopo kwenye mpango, na hamuulizi mtu. Naletewa simu ambayo kioo chake hakipo Kisumu nzima, lazima kiagizwe Luthuli Avenue, Nairobi, kije na basi la usiku, na deni bado linahesabiwa wakati simu imelala mezani kwangu.

Mkopo si dhambi. Kukopa bila kuuliza ndiko kunakotuumiza. Baba zetu hawakununua injini ya mashua kwa namna hiyo.

Basi wewe unayetaka kununua simu mwezi huu, fanya kama watu wa ziwa walivyofanya tangu zamani. Mtafute mtu aliyekaa nayo zaidi ya mwaka, kwa kuwa wiki ya kwanza kila simu ni nzuri. Muulize betri yake sasa inafika saa ngapi, si ilipokuwa mpya. Muulize kama nafasi yake imejaa mapema, na picha ngapi amelazimika kufuta ili WhatsApp ifunguke. Muulize sauti yake sokoni na mtandao wake ufuoni. Kisha mwone fundi, umuulize mambo mawili: kioo chake kinauzwa hapa mjini, na kwa pesa ngapi? Kama ni ya mkopo, piga hesabu ya jumla utakayolipa hadi siku ya mwisho, uilinganishe na bei ya taslimu. Kama ni ya mkono wa pili, soma IMEI kabla ya kutoa pesa, na udai risiti.

Nawe ukiulizwa kuhusu simu yako, sema kweli. Usiisifu kwa sababu uliinunua ghali. Jirani yako atalipa kwa neno lako.